Mchele Mmoja, Mapishi Mbalimbali: Historia ya Wali wa Mboga Kandokando ya Ziwa Victoria

Wahenga walisema kwamba mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali. Methali hii kwa kawaida hutumika kueleza tofauti za tabia na akili za watu, lakini katika makala haya tutaichukua kwa maana yake ya wazi, yaani maana ya jikoni. Tunakusudia kuchunguza historia ya chakula kimoja kinachopikwa katika nyumba za Mwanza na vijiji vinavyouzunguka mji huo: wali uliokaangwa pamoja na mboga, usiotiwa nyama wala samaki, maziwa wala yai.

Chakula hiki kina mashtaka mawili. Shtaka la kwanza ni kwamba ni cha kigeni, kilicholetwa na watu wa mahoteli. La pili ni kwamba ni chakula cha dhiki, kiliwacho na mtu aliyekosa kitoweo. Mashtaka haya husikika hata katika mabweni ya shule, ambamo kijana huona haya kusema kwamba nyumbani kwao hula mboga. Sisi tunaona kwamba yote mawili yanatokana na kutoijua historia ya ziwa letu na ya watu wake, na hayo ndiyo tutakayojaribu kuyaonyesha.

Tuanze na mchele wenyewe. Mpunga unaolimwa katika nchi yetu una asili yake Asia, nao ulifika katika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta punje zake katika magofu ya kisiwa cha Pemba, nazo zaonyesha kwamba wakazi wa huko walikuwa wakila wali miaka ipatayo 1000 iliyopita. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta, aliyepita katika pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba huko Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chombo kikubwa cha mbao, ukiwa na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Basi tangu zamani hizo mboga ilikuwa na nafasi yake juu ya sinia la wali, tena mbele ya wageni wa heshima.

Kutoka pwani mpunga uliingia bara pamoja na misafara. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kufanya makao Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na huko walilima mpunga kwa chakula chao. Richard Burton na John Hanning Speke waliukuta walipofika huko Novemba 1857. Mwaka uliofuata Speke alisafiri kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 aliliona ziwa karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikwisha kuliita Nyanza. Njia hiyo aliyoipita ilikuwa njia ya watu na biashara hata kabla yake. Henry Morton Stanley alipofika Kageye, kijiji kilichoko ufukweni mashariki ya Mwanza, Februari 1875, alimkuta huko Mswahili aitwaye Songoro akijenga jahazi. Hivyo ufukwe wa ziwa ulikuwa umeunganika na ufukwe wa bahari kabla ya bendera ya Ulaya kupandishwa huko.

Lakini wali hauliwi mtupu. Kabla ya mpunga kuenea, Wasukuma, Wakerewe na majirani zao walikuwa na upishi wao uliokamilika. Ugali ulisongwa kwa unga wa mtama, uwele na, baadaye, muhogo. Viazi vitamu vilikatwa vipande na kukaushwa juani, vikaitwa michembe, au vilichemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, vikaitwa matobolwa; navyo vilihifadhiwa kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Majani ya kunde yalianikwa yakawa nsansa, yakapikwa kwa karanga zilizotwangwa. Kulikuwa na mgagani na mlenda, na kulikuwa na kunde zenyewe.

Msomaji atazame vizuri orodha hiyo. Hakuna ndani yake nyama wala samaki. Ni kweli kwamba Wasukuma ni wafugaji hodari, na kwamba ziwa limejaa sato, furu na dagaa. Lakini ng'ombe alikuwa mali, akitolewa mahari, akilipiwa deni na akichinjwa siku za shughuli. Hakuwa kitoweo cha kila jioni. Samaki naye hakumfikia kila mtu aliyekaa mbali na maji. Chakula cha siku hadi siku kilitegemea bustani, na bustani ilitegemea maarifa ya mwanamke aliyejua jani gani lichumwe lini, na likaushwe namna gani lisioze. Maarifa hayo ndiyo nguzo ya pili ya chakula tunachokizungumzia.

Nguzo ya tatu ni jaruba. Ardhi ya Usukuma huteremka kidogo kidogo kutoka vilima vya mawe, ikipita katika udongo wa kichanga ambao wenyeji huuita luseni, hadi kufika bondeni kwenye mbuga ya udongo mweusi mzito. Udongo huo hunata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Kwa mtama wa kawaida ni shida. Kwa mpunga ni neema, kwa sababu hushika maji. Wakulima walijifunza kuzungushia mashamba yao kingo za udongo ili kuyazuia maji ya mvua, na mashamba hayo ndiyo yaitwayo majaruba. Mbinu hiyo ilianza kama jambo la kigeni, lakini wakulima waliiendeleza wenyewe kwa jembe la mkono na kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe, mpaka leo mtu anayepita Magu, Misungwi, Kwimba au Sengerema wakati wa mvua huyaona majaruba kana kwamba yalikuwako tangu dunia iumbwe. Tena mkulima wa mbuga ana hekima ya pekee: mvua zikikaribia kwisha, hupanda dengu katika udongo huo huo, nazo hukua kwa unyevu uliobaki chini. Kwa hiyo shamba moja humpa wanga na jamii ya kunde.

Sasa tuje katika enzi ya ukoloni. Wajerumani waliijenga boma ya Mwanza mwaka 1892. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa kuwa meli zilivuka ziwa, Mwanza ikapata mlango wa baharini kwa njia ya kaskazini. Ngozi na karanga zikasafirishwa kwa wingi. Reli ya kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza mwaka 1928. Pamoja na reli walikuja wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, hasa Wagujarati, wakafungua maduka na viwanda vya kuchambua pamba. Uhusiano wao na wakulima wa pamba haukuwa wa usawa. Malalamiko juu ya mizani na bei ndiyo yaliyowasukuma wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, kuunda vyama vyao vya ushirika katika miaka ya 1950, hata ikazaliwa Victoria Federation, shirikisho lililopata sifa kubwa katika Afrika.

Hata hivyo historia ya jikoni haifuati mipaka ya dukani. Miongoni mwa Wahindi hao walikuwamo Mabaniani na Wajaini ambao kwa imani yao hawali nyama wala samaki. Wao walikuwa na ufundi wa kuunganisha mchele na dengu, njegere au viazi, na kuamsha harufu ya bizari katika mafuta ya moto kabla ya kutia kitu kingine chochote. Ufundi huo, pamoja na ule wa pilau kutoka pwani, uliingia katika nyumba za Waafrika kwa njia ya ujirani, ya kazi za upishi na ya soko. Na mafuta je? Mbegu za pamba ile ile iliyowatoa jasho wakulima zilikamuliwa zikatoa mafuta ya kupikia. Hivyo zao la kuuza nje lilirudi, kwa sehemu, katika sufuria ya mlimaji.

Kwa upande wa namna ya kukaanga wali uliokwisha kuiva, hatuna budi kuwapa Wachina haki yao, maana desturi hiyo kwao ni ya kale. Lakini ni nani kati yetu asiyejua kiporo? Kuchukua wali uliobaki, kuukaangia kitunguu na kuula kwa chai ni jambo la kawaida katika nyumba zetu. Jina la hotelini ni jipya. Busara ya kutotupa chakula ni ya siku nyingi.

Tumeona, basi, kwamba chakula hiki kina wazazi wengi. Lakini haki inatutaka tuseme pia jambo lenye uchungu. Kwa muda mrefu mchele wa kandokando ya ziwa uliliwa zaidi na watu wengine kuliko wale walioulima. Mkulima aliuza mpunga apate kodi, ada ya shule na nguo, akabaki na ugali na mlenda. Katika miaka ya 1980, bei ya pamba ilipokatisha tamaa na biashara ya nafaka ilipoanza kulegezwa, wakulima wengi wa Usukuma waligeukia mpunga kuwa zao la fedha. Na kazi nyingi ya mpunga, yaani kupandikiza miche, kupalilia ndani ya maji, kupepeta, na kutwanga kinuni kabla ya mashine kuenea, iliwaangukia wanawake. Wali ukawa alama ya sikukuu na ya mjini, na mboga ikawa alama ya ufukara. Hapo ndipo penye shina la dharau tuliyoitaja mwanzoni. Dharau hiyo ilizaliwa sokoni, wala haikutokana na mila zetu.

Kwa faida ya walimu na wanafunzi wa maarifa ya nyumbani, tueleze sasa namna ya kukipika. Kwa watu wanne, chukua vikombe 2 vya mchele, uuchambue na kuuosha, kisha uupike kwa vikombe 3 vya maji na chumvi kidogo. Uutandaze katika sinia upoe; wali uliopoa hukauka na punje zake huachana, lakini wali wa moto ukikaangwa hugeuka bokoboko. Ukaange siku hiyo hiyo. Wali ukilala katika sufuria yenye uvuguvugu huweza kuota vijidudu vitoavyo sumu isiyoondoka hata ukipashwa moto tena. Dengu kikombe kimoja, zilizolowekwa tangu jana yake, zichemshwe mpaka zilainike.

Weka vijiko 3 vya mafuta ya pamba au ya alizeti katika karai juu ya moto mkali. Tia kitunguu, kisha kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, na bizari kidogo. Zifuate mboga ngumu, yaani karoti na maharage machanga, halafu pilipili hoho na kabichi iliyokatwa nyembamba. Usizifunike, zisije zikatoa maji. Tia dengu, kisha wali, ugeuze kwa mwiko kwa dakika tano hivi mpaka kila punje ipate mafuta. Mwisho nyunyiza karanga zilizokaangwa na kukamulia ndimu.

Je, hicho ni chakula cha dhiki? Elimu ya lishe inatufundisha kwamba protini ya mchele ina upungufu ambao jamii ya kunde huujaza, nayo jamii ya kunde ina upungufu ambao mchele huujaza. Mkulima anayepanda dengu katika jaruba alikotoka mpunga, na mama anayevichanganya viwili hivyo katika sufuria moja, hutekeleza kanuni hiyo hata kama hawakuisoma darasani.

Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alifundisha kwamba yatupasa kufufua yaliyo mema katika mila zetu na, pamoja na hayo, kujifunza mema ya wengine. Sinia la wali wa mboga ni mfano mzuri wa fundisho hilo. Mbegu yake ilivuka bahari, ufundi wake umetoka kwa watu wengi, lakini jasho lake ni la mbuga za Usukuma. Kitu huwa chetu kwa kazi tuliyokifanyia.

Tunawaomba walimu wawatume wanafunzi wao kwa bibi zao na mama zao, wakaulize majina ya mboga, njia za kuzikausha na habari za majaruba ya kwanza katika vijiji vyao, na wayaandike. Mengi ya hayo hayajaingia katika kitabu chochote, na wanaoyajua wanazidi kupungua.