Wazimamoto 6 Walioingia Kwenye Moshi na Hawakutoka: Kisa cha Ghala la Worcester

Kwenye muvi moto huwa unaonekana vizuri sana. Jamaa anavunja mlango kwa teke, miali inawaka kila kona, anambeba mtoto begani na kutoka nje huku muziki unapanda. Ukweli uko tofauti kabisa, wadau. Ndani ya jengo linaloungua, mara nyingi hata moto wenyewe huuoni. Ni giza tupu. Moshi mzito unameza mwanga wa tochi, na mkono wako ukiuweka mbele ya uso huuoni.

Mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts huko Marekani, ulilijua hilo kwa uchungu mkubwa Ijumaa ya tarehe 3 Desemba 1999.

Saa 12 na dakika 13 jioni taarifa iliingia kwamba moshi unatoka kwenye ghala kuukuu lililokuwa likihifadhi vyakula vya baridi. Jengo lenyewe lilikuwa la mwaka 1906, ghorofa 6 za matofali, na karibu halikuwa na madirisha. Ndani, kuta zilikuwa zimezibwa kwa matabaka ya koki yenye lami na mapovu ya plastiki ili baridi isitoke. Sasa fikiria: ukuta unaozuia baridi kutoka, unazuia na joto kutoka. Na vitu hivyo vyote vikishika moto, moshi wake ni mweusi tii. Ukiongeza vyumba vilivyokaa kama mtego wa panya, hapo umepata picha kamili.

Ghala lilikuwa halitumiki tena, lakini zimamoto wakaambiwa kuna watu wawili wasio na makazi ambao huwa wanalala humo. Kwa mzimamoto habari hiyo inatosha. Wakaingia kutafuta.

Mwanzoni hali haikuwa mbaya. Moshi ulikuwa mwepesi na watu walikuwa wanaonana. Halafu ghafla kila kitu kikageuka. Moshi mweusi ukajaa, na wawili kati ya waliokuwa juu wakapoteza njia. Wakaita kwenye redio kwamba wamepotea na hewa kwenye mitungi inaisha. Wenzao wakapanda kuwafuata. Wanne kati ya hao nao wakapotelea humo humo.

Chini kwenye ngazi kulikuwa na kundi lingine tayari limevaa barakoa, linataka kupanda. Hapo ndipo mmoja wa viongozi wa operesheni alipofanya jambo ambalo wazimamoto wanalisimulia hadi leo. Alisimama mlangoni, akaziba njia kwa mwili wake, akawaambia basi, hakuna anayeingia tena. Watu walimbishia. Ndugu zao wako juu! Yeye alijua hivyo, na aliwajua waliokuwa juu. Hakuondoka mlangoni.

Na wale watu wawili waliokuwa wakitafutwa? Kumbe walishatoka zamani. Mshumaa waliokuwa wanautumia ulianguka, moto ukashika, wakaondoka bila kumwambia mtu yeyote. Baadaye walifunguliwa mashtaka ya kuua bila kukusudia. Miili ya wazimamoto 6 ilitafutwa kwenye kifusi kwa siku 8. Kwenye ibada ya kuwaaga walifika maelfu ya wazimamoto kutoka sehemu mbalimbali, na Rais Bill Clinton naye alikuwepo.

Swali likabaki: watu wenye mafunzo wanapoteaje ndani ya jengo?

Jibu ni kwamba mbinu zao zilikuwa za kipofu. Mzimamoto anafundishwa atambae, maana karibu na sakafu joto ni kidogo na moshi ni mwepesi. Anashika ukuta asiuachie, au anafuata mpira wa maji, na kwa kupapasa tu viungio vya mpira anajua upande upi unaelekea nje. Mbinu hizi zinafanya kazi vizuri kwenye nyumba ya kawaida. Kwenye ghala kubwa la vyumba vilivyoingiliana, ukiachia ukuta hatua chache tu, umeisha.

Hapo ndipo kamera za joto zinapoingia. Macho yetu yanahitaji mwanga, na chembe za moshi zinautawanya mwanga huo. Kamera hizi hazihitaji mwanga. Zinasoma mionzi ya joto inayotoka kwenye kila kitu, na mionzi hiyo hupenya moshi kwa urahisi zaidi. Mtu aliyelala sakafuni anaonekana, mlango unaonekana, na hata moto uliojificha nyuma ya ukuta unaweza kujitokeza kama doa la joto.

Teknolojia hiyo ilikuwepo kabla ya 1999. Tatizo lilikuwa bei. Kamera moja iliweza kufika zaidi ya dola 10,000, na vikosi vingi havikuwa na uwezo huo. Baada ya msiba, jimbo la Massachusetts likatoa pesa ili vikosi vyake vya zimamoto vipate kamera hizo. Chuo cha ufundi cha Worcester Polytechnic Institute nacho kikaingia kwenye utafiti wa kifaa cha kuonyesha mzimamoto yuko sehemu gani hasa ndani ya jengo. Majengo matupu na hatari yakaanza kubandikwa alama ya X nje, ili anayefika na gari la zimamoto ajue mapema kwamba humo si pa kukimbilia kuingia.

Lakini msidhani kamera ni dawa ya kila kitu. Haioni kupitia kioo, betri inaisha, na mtu anayeitegemea peke yake akasahau ukuta na mpira, siku ikizima anabaki gizani kama wale wa zamani. Ndiyo maana mpaka leo mafunzo yanaanza kwa kutambaa na kupapasa, kamera baadaye.

Mwaka 2008 kituo kipya cha zimamoto kilifunguliwa pale pale ghala liliposimama, pamoja na kumbukumbu ya wale 6. Wanaofanya kazi hapo wanatoka na magari yao kila siku wakipita kwenye ardhi ile ile. Na kila kiongozi anayesoma kisa hiki anabaki na swali moja zito: ungekuwa wewe mlangoni siku ile, ungewazuia wenzako au ungewaacha wapande?