Frigo ya chanjo: tangu utambi wa petroli hadi kifaa kinachojiamulia

Mama anayefika Salamabila na mtoto mgongoni, akitoka kijiji kilichoachwa tupu sababu ya masasi, mara nyingi hana tena karatasi ya chanjo. Imebaki nyumbani, au imelowa mvua porini. Kwenye kituo cha afya muuguzi anaanza naye upya. Anafungua frigo, anatoa kichupa, anavuta dawa. Mama anatazama sindano, mtoto analia, watu wa foleni wanacheka kidogo. Frigo haitazamwi na mtu. Na hata hivyo, kama ile frigo ilipata joto juma lililopita, au ilishika barafu usiku mmoja tu, sindano ile inaweza kuwa maji matupu.

Maniema ina historia ndefu na jambo hili, kuliko wengi wanavyofikiri. Watu wanaifahamu Kasongo kwa Tippu Tip, kwa misafara na kwa Kiswahili kilichobaki baada yao. Wachache wanajua kwamba jina Kasongo limo pia katika vitabu vya waganga wa dunia nzima. Katika miaka ya 1970 waganga wa Taasisi ya tiba ya nchi za joto ya Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi Kasongo pamoja na wauguzi wa hapo. Walitaka kujua kituo kidogo cha afya cha kijijini kinaweza kufanya nini. Moja ya kazi zao ilikuwa kuchanja watoto dhidi ya surua na kuwafuata nyumba kwa nyumba, kuhesabu nani anaishi na nani amekufa.

Matokeo yalitoka katika gazeti la waganga, Lancet, mwaka 1981, kwa jina la kundi la mradi wa Kasongo. Yalizusha ubishi mkubwa. Watoto waliochanjwa waliokoka surua, ndiyo, lakini kundi lile liliuliza swali gumu: je, mtoto dhaifu aliyeokolewa na surua hafi baadaye kwa ugonjwa mwingine? Kama ni hivyo, chanjo inachelewesha kifo tu. Watafiti wengine, hasa Peter Aaby aliyefanya kazi Guinea-Bissau, walizirudia hesabu hizo na kuzilinganisha na za nchi nyingine. Walionyesha kinyume: chanjo ya surua inapunguza vifo kweli, tena kupita vile vya surua peke yake. Ubishi huo ulisomwa Geneva na London, na hesabu zake zilikuwa za watoto wa Kasongo. Wazee wa huko waliokuwa watoto wakati ule huenda hawajui hata leo kwamba waliandikwa humo.

Sasa, chanjo ya surua inaogopa joto. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, hazipandi, hazishuki. Kabambare saa nane mchana chini ya bati si mahali pa digrii 8. Basi kila mpango wa chanjo, tangu OMS ilipoanzisha ule mpana wa dunia nzima mwaka 1974, na Zaire ikaufuata baadaye kidogo, ulijengwa juu ya sanduku moja jeupe. Na mahali pasipo umeme, sanduku hilo liliwaka moto.

Frigo ya petroli ni kitu cha ajabu ukikifikiria. Taa inawaka chini, barafu inaganda juu. Wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliibuni mwaka 1922, na kampuni ya Electrolux ikaanza kuitengeneza muda mfupi baadaye. Ndani yake hakuna mashine inayozunguka. Moto unachemsha amonia iliyo ndani ya maji, mvuke wake unapanda, unapoa na kuwa maji, halafu unayeyuka tena ndani ya frigo na kuondoka na joto. Bila injini na bila kelele. Misheni zilizipenda, wafanyabiashara waliuzia bia ndani yake, na vituo vya afya vikazirithi kwa ajili ya chanjo.

Lakini frigo nyingi za namna hiyo hazikuwa na termostati, yaani kile kifaa kinachopima joto na kuzima au kuwasha chenyewe. Termostati ilikuwa mtu. Muuguzi aliinama asubuhi, akatazama moto kama ni wa buluu au wa manjano, akapandisha utambi au kuushusha, akasafisha bomba la moshi, akajaza tangi. Jua likiwa kali anapandisha moto. Usiku baridi ikishuka, yeye amelala na moto bado uko juu. Karibu lita moja ya petroli iliondoka kila siku, na petroli hiyo ndiyo hiyo hiyo inayowasha taa ya nyumbani. Tusidanganyane: tangi la kituo lilitembelewa na watu wengi. Petroli ikichanganywa na maji au uchafu, utambi ulitoa moshi na frigo ikafa. Muuguzi akikimbia vita siku mbili, hakuna wa kujaza.

Ulaya na Marekani walikuwa wameshaondoa mtu katika kazi hiyo zamani. Inasimuliwa kwamba Warren Johnson, mwalimu wa chuo huko Whitewater, jimbo la Wisconsin, alichoka kuona mlinzi wa jengo akiingia darasani kila mara kutazama kipimajoto, halafu kushuka chini kurekebisha moto wa kupasha jengo. Mwaka 1883 alipata hati ya kifaa cha umeme kilichopima joto la darasa bila mlinzi kuingia. Kizazi chake ndicho kile kidude kilichobandikwa ukutani katika nyumba ambamo ndugu zetu waliopelekwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu wanaishi leo. Wapo wanaokuta cha kuzungusha kwa mkono, na wapo wanaokuta cha kisasa kinachojifunza saa zako za kulala na kuzungumza na simu. Aina hiyo ilianza kujulikana sana tangu Nest ilipotoka mwaka 2011. Huko ukikosea, unalipa bili kubwa au unalala na baridi. Kwenye frigo ya chanjo anayelipa ni mtoto.

Hospitali zenye jenereta au umeme wa misheni zilipata frigo za umeme zenye termostati ya kawaida: kibomba chembamba chenye gesi kinachotanuka kwa joto na kusukuma swichi, na nje kitufe chenye namba. Hapo likaingia kosa ambalo halikuonekana kwa miaka mingi. Kwenye frigo nyingi namba kubwa ni baridi kali. Mtu aliyefundishwa kwamba adui ni joto anafanya nini mchana wa kiangazi? Anazungusha hadi mwisho. Usiku frigo inashuka chini ya sifuri.

Chanjo ya surua haiumizwi na barafu kabla ya kuchanganywa. Ya pepopunda inaumia, na ya homa ya ini B inaganda karibu na nusu digrii tu chini ya sifuri. Ikishaganda haina nguvu tena, na ukiitazama baada ya kuyeyuka utasema ni nzima. Mwaka 2007 watafiti walikusanya taarifa za nchi nyingi, tajiri na maskini. Wakakuta kati ya asilimia 14 na 35 ya frigo na safari za chanjo zilizopimwa zilikuwa zimefikia baridi ya kugandisha. Tangu mwanzo watu waliambiwa waogope jua, na barafu ikapita mlango wa nyuma. Hilo si kosa la wauguzi. Walipewa kitufe na onyo la upande mmoja tu.

Kuna kibandiko kidogo juu ya kichupa, kilichoanza mwaka 1996 na chanjo ya polio ya matone. Ni mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inatumika. Ukilingana na duara au kuwa mweusi zaidi, inatupwa. Mzazi yeyote ana haki ya kuuliza aonyeshwe, na hahitaji kujua kusoma. Ila kibandiko hicho kinahesabu joto peke yake, barafu hakiioni. Kwa barafu kuna jaribio la kutikisa: unagandisha kwa makusudi kichupa kimoja cha aina ile ile, kikiyeyuka unakitikisa pamoja na kile unachokishuku, unaviweka pamoja mezani. Kile kilichoganda kinatuama upesi, mashapo chini na maji meupe juu. Kama unachokishuku kinatuama namna ile ile, kimekwisha.

Mabadiliko makubwa yalikuja na jua. Frigo za kwanza za sola, miaka ya 1980, zilitegemea betri, na betri zilikufa baada ya miaka michache au zilihamia nyumbani kwa mtu kuwasha televisheni. Kizazi kipya hakina betri ya baridi. Paneli zinaendesha mashine mchana, mashine inatengeneza barafu au kupoza maji ndani ya kuta, na kuta hizo ndizo zinazolinda chanjo usiku. OMS inadai frigo ya namna hiyo ivumilie angalau siku 3 bila jua. Na zile za daraja la juu zimeondoa kitufe kabisa. Muuguzi hana cha kuzungusha. Frigo imetengenezwa isiweze kugandisha chanjo hata akiipanga vibaya. OMS na UNICEF zikashauri nchi ziachane na petroli na gesi, na Kongo ni kati ya nchi zilizopewa frigo mpya kwa msaada wa Gavi.

Wengine wanataka kwenda mbali zaidi: kifaa kinachotuma ujumbe kwa simu ya mkuu wa zone ya afya mara joto likipanda. Ni kizuri Kinshasa. Kwa Kabambare, ambako vijiji vingi havina mtandao, na ambako hata ujumbe ukifika pikipiki inaweza kushindwa kupita kwa sababu ya matope au kizuizi cha wenye silaha, kifaa hicho kinaweza kutoa habari ya msiba bila mtu wa kwenda kuzika. Kile kidogo kinachokaa ndani ya frigo na kukumbuka siku 30, kikionyesha alama mbaya siku joto au baridi ilipopita kiasi, kinafaa hapa zaidi. Hakihitaji mtandao, na muuguzi aliyekimbia akirudi baada ya juma moja anaweza kukiuliza kilichotokea. Kile kipimajoto cha zamani cha kioo kinamwambia ya saa ile tu.

Sola nayo ina maadui wake. Paneli iko juu ya paa, kila mtu anaiona, na katika vita vya kugombea dhahabu ya Namoya na barabara zake, vituo vya afya havikuheshimiwa siku zote. Frigo moja ni maelfu ya dola, na fundi wa kuitengeneza hapatikani katika kila kijiji.

Mwaka 2017 Maniema ilipata polio inayotokana na virusi vya chanjo, ambayo inazunguka mahali watoto wengi hawajachanjwa. Kisha nchi nzima ikaingia katika surua iliyoua watoto zaidi ya 7,000 hadi ilipotangazwa kwisha Agosti 2020. Wakati huo huo kaskazini, huko Beni na Butembo, chanjo ya Ebola ilihitaji baridi ya digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri, na ikapatikana, kwa sababu dunia ilikuwa inatazama. Kwa surua zilihitajika digrii 8 tu.

Katika vituo vyenye frigo isiyo na kitufe, karatasi ya joto bado imebandikwa mlangoni. Muuguzi anaijaza mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, pamoja na Jumapili, ingawa kifaa cha ndani kinajiandikia chenyewe. Anayefika na mtoto anaweza kuitazama akiwa kwenye foleni, aone kama nafasi za juma hili zimejazwa.