Nairobi Haikukosa Mpango: Bustani, Ramani na Haki ya Kushtaki

Kila mabati yanapozungushwa kwenye uwanja wa watoto mahali fulani Nairobi, husikika kauli ileile redioni na kwenye barua za wasomaji: mkoloni alitupangia jiji la bustani, nasi tukalivuruga. Kauli hii imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeidai ushahidi. Wachache wanaojisumbua kuutoa hutaja Mpango Mkuu wa 1948, kitabu chenye sifa nyingi na wasomaji wachache. Hoja yangu ni kwamba Nairobi haijawahi kupungukiwa na mipango ya bustani. Ilichopungukiwa kwa muda mrefu ni mwananchi mwenye ruhusa ya kuitetea mbele ya hakimu.

Habari za mwanzo zinajulikana. Reli ilifika mwaka 1899, kambi ikawa mji, na mji ukawa makao makuu ya koloni. Bustani ya miti ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miche itakayotoa kuni za garimoshi. Msitu wa Karura ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932. Katika orodha hiyo ya kazi za serikali, bustani iliyo katikati kabisa ya jiji haimo, maana haikutoka serikalini. Mwaka 1906 A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa kandarasi za reli, aliwapa wakazi wa mji kiwanja cha ekari 5 hivi wapumzikie. Mtu ambaye, kwa kuwa Mhindi, hakuruhusiwa kumiliki shamba katika Nyanda za Juu za Wazungu ndiye aliyeupa mji wa Wazungu bustani yake. Ukienda hapo leo saa saba mchana siku ya kazi, utamkuta mhubiri anatoa jasho mbele ya watu waliojinyoosha kwenye nyasi, muuza karanga anapita na vikaratasi vyake vilivyosokotwa, na hatua chache kando Bunge la Mwananchi, baraza la mijadala la raia wa kawaida, linabishana kuhusu bei ya unga, bila mshahara wala king'ora.

Serikali nayo ilikuwa na hesabu tofauti kuhusu ardhi tupu. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa baada ya milipuko ya tauni, alipendekeza miji ya Afrika Mashariki igawanywe kwa rangi za watu, na kati ya makazi ya Wazungu na ya wengine uachwe mkanda wa ardhi wazi wenye upana wa angalau yadi 300. Hapo ndipo penye mzizi wa mapengo mengi ya kijani tunayoyasifu. Eneo liliachwa wazi ili jirani asisogee, na kama watoto walicheza humo, ilikuwa bahati yao.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe. Mpango Mkuu wa 1948 ulichapishwa London ukiwa na jina linaloiita Nairobi mji mkuu wa koloni, na waandishi wake walitoka Afrika Kusini: L. W. Thornton White, profesa wa usanifu majengo Cape Town, L. Silberman, mwanasosholojia, na P. R. Anderson, mpangaji miji. Ni kazi ya watu wenye akili, na anayeubeza bila kuusoma hanisaidii zaidi ya anayeusifu bila kuusoma. Wazo lake kuu lilitokana na Clarence Perry wa New York, aliyelieleza kwa kirefu mwaka 1929: jiji ligawanywe katika vitongoji, kila kimoja kiwe na shule, maduka na kiwanja chake cha michezo, ili mtoto asilazimike kuvuka barabara kuu kwenda darasani. Mabonde ya mito yaachwe wazi yawe mikanda ya kijani. Barabara pana yenye miti ipite ukingoni mwa kitovu cha jiji, ile ambayo leo tunaijua kama Uhuru Highway.

Anayetaka kuona mawazo ya aina hiyo yalivyokuwa mazuri aende Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na familia zao, huku wafungwa wa vita wa Kitaliano wakitumika katika ujenzi. Nyumba ni fupi, zimepangwa kuzunguka nyasi, na ukumbi wa jamii uko pale ambapo njia zinakutana. Wazee wa mtaa bado hujivunia siasa zilizopigwa katika ukumbi huo. Wanaosema upangaji wa wakati ule uliwahi kumfikiria mfanyakazi kama mtu mwenye watoto, wala si mkono wa kazi tu, wana hoja, na nawapa haki yao.

Lakini mpango huo ulijitangaza kuwa haukuegemea upande wowote kuhusu ubaguzi. Ulidai kupanga kwa misingi ya kibinadamu, na suala la nani aishi wapi ukaliachia siasa. Hapa ndipo subira yangu inapokwisha. Siasa za mji ule zilikuwa zimekwisha kuamua: Mzungu kilimani na Muthaiga, Mhindi Parklands na Ngara, Mwafrika Eastlands kwa kibali. Ukichora mikanda ya kijani kati ya vitongoji katika mji wa namna hiyo, unarudia mkanda wa Simpson kwa wino mzuri zaidi. Mtoto wa Kaloleni alipewa kiwanja cha mtaa wake. Viwanja vya gofu, ambavyo kwenye ramani vilikuwa na rangi ileile ya kijani, vilikuwa vya klabu, na kwenye klabu hizo aliingia akiwa amebeba mfuko wa vijiti vya mtu mwingine. Hata wanyama walipewa nafasi ya kutosha kabla yake: Desemba 1946 serikali ilitenga eneo la kilomita za mraba 117 kusini mwa mji kuwa Hifadhi ya Taifa, na wafugaji waliozoea kulisha huko wakasukumwa pembeni. Anayeuita wakati huo enzi ya bustani aeleze kwanza zilikuwa bustani za nani.

Kuna kasoro ya pili, ambayo wanaousifu na wanaoupinga mpango huu huipita bila kuiona. Rangi ya kijani kwenye ramani haikuwa hatimiliki. Ardhi nyingi iliyoachwa wazi ilibaki ardhi ya serikali isiyogawiwa, na chini ya sheria ya ardhi ya kikoloni (Crown Lands Ordinance), mamlaka ya kuigawa yalikuwa kwa Gavana. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mamlaka hayo yalihamia kwa Rais, kukiwa na Kamishna wa Ardhi wa kutekeleza. Tulirithi ramani pamoja na kalamu inayoweza kuifuta. Wanaomlaumu Mwafrika huru kwa kuvuruga kazi ya mkoloni wasisahau kwamba kalamu hiyo ilichongwa na mkoloni.

Bustani ya Uhuru ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969, hekta 13 hivi zikiwa na ziwa la kuchimbwa na mashua za kukodi. Kwa mara ya kwanza mkazi wa Kariobangi na mkazi wa Lavington walikuwa na nyasi moja ya kukalia bila kuulizwa kibali. Mwaka 1973 jiji likatoa mkakati mwingine wa ukuaji, uliotazama hadi mwaka 2000. Ulishughulika na barabara na makazi, na kwa upande wa bustani sina la kuusifia.

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1989. Shirika la habari la chama tawala cha KANU, Kenya Times Media Trust, likishirikiana na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, lilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru. Lingekuwa na makao makuu ya KANU, ofisi za gazeti, maduka, kumbi, maegesho ya magari 2,000 na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Wangari Maathai, aliyekuwa ameanzisha shirika la kupanda miti la Green Belt Movement mwaka 1977, alianza kuandika barua: kwa gazeti lenyewe, kwa ofisi ya Rais, kwa tume ya jiji, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa na kwa balozi wa Uingereza. Swali lake kwa balozi lilikuwa jepesi na kali: je, angekubali jumba kama hilo katika Hyde Park? Mwezi Novemba wabunge walimjadili kwa matusi, wakaliita kundi lake genge la wanawake waliotalikiwa. Baadaye shirika lake likafukuzwa katika ofisi za serikali lilizokuwa likitumia.

Watu hukumbuka matusi hayo. Mimi hunishughulisha zaidi yaliyotokea mahakamani. Maathai aliiomba Mahakama Kuu isimamishe ujenzi, na Desemba 1989 ombi lake likatupwa. Jaji Dugdale hakupima kama jumba lingeharibu bustani. Alipima kama Maathai alikuwa ameumizwa yeye binafsi, akaona hakuumizwa kuliko mkazi mwingine yeyote, na kwamba mwenye haki ya kusimama kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu. Huyo ndiye mshauri wa kisheria wa serikali ileile iliyolibariki jumba. Mipango yote, wa 1948 na wa 1973, ilikuwa kabatini wakati huo, na hakuna uliosaidia kitu. Mlinzi pekee aliyetambuliwa na sheria alikuwa ameajiriwa na mvamizi.

Wapo wanahistoria wanaosema jumba liliuawa na fedha: wafadhili wa nje waliona haya kuikopesha nchi yenye madeni ijenge mnara wa chama. Hoja hiyo haina ubaya, mradi isikomee hapo. Wafadhili waliona haya kwa sababu kuna mtu aliyepiga kelele hadi walikokuwa. Kufikia mwaka 1992 uzio uliondolewa, na mwaka huohuo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa kwenye kona ya bustani hiyo wakifunga chakula, kona inayoitwa Freedom Corner hadi leo. Mwaka 1991, tume ya jiji ilipotaka kujenga maegesho ya ghorofa katika bustani ya Jeevanjee, aliyesimama mbele alikuwa mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, na mradi ukakwama. Kuuokoa msitu wa Karura kulihitaji mapambano ya kimwili: Januari 1999 Maathai alipasuliwa kichwa na walinzi alipokwenda kupanda miti.

Viwanja visivyokuwa na mtetezi mwenye jina viliondoka kimya kimya. Ripoti ya mwaka 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilieleza jinsi ardhi iliyotengwa kwa viwanja vya michezo, masoko, vyoo vya umma na hata makaburi ilivyogawiwa watu binafsi kwa maelfu ya hati.

Mabadiliko makubwa yalitoka kwa watunga sheria, na wapangaji miji hawastahili kuyadai. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ilimruhusu mtu yeyote kushtaki kwa ajili ya mazingira hata kama hawezi kuonyesha hasara yake binafsi. Katiba ya 2010 ikaliweka jambo hilo katika Ibara ya 70, na Ibara ya 62 ikaeleza ardhi ya umma ni ipi. Hoja iliyomshinda Maathai mwaka 1989 ilifutwa katika sheria kuu ya nchi. Katiba hiyo ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, ndani ya Bustani ya Uhuru.

Tangu hapo mvutano haujaisha, ila sura yake imebadilika. Mwaka 2019 barabara ya juu ya Nairobi ilipoelekea kumega ukingo wa bustani hiyo, kelele za wananchi zilitosha kumfanya Rais Uhuru Kenyatta atangaze kwamba haitaguswa. Mwaka 2021 ilifungwa kwa ukarabati, na wakazi wakakaa zaidi ya mwaka bila kujua lini wataingia tena. Mpango wa sasa wa jiji, uliotolewa mwaka 2014 kwa msaada wa Wajapani, unatazama hadi 2030 na una ramani nzuri. Mpango wa 1948 nao ulikuwa nazo.

Serikali ya kaunti ikitaka kuonyesha kwamba imejifunza, ichapishe orodha moja: kila bustani na kila kiwanja cha mtaa, ukubwa wake, mipaka yake na nambari ya hati yake. Isipochapisha, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa mkazi haki ya kuidai. Nawe msomaji, ukikuta mabati yamezungushwa kwenye uwanja ulio jirani nawe, andika barua kama alivyoandika Maathai. Usipojibiwa, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leo hutaulizwa umeumizwa nini wewe binafsi.