Kiwanja cha masomo ni urithi wa watoto



Jubile ni wakati wa kukumbuka. Wazee wetu hapa Lubumbashi walitusimulia namna Serkali ya Zaire ilivyotwaa masomo ya Eklezia mwishoni mwa mwaka 1974. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, Eklezia ilirudishiwa kuyaongoza, lakini yalibaki masomo ya Serkali. Kisha, tangu miaka ya 1990, wazazi ndio waliolisha walimu, mpaka Septemba 2019 masomo ya msingi yalipokuwa bila malipo. Tangu hapo watoto wamejaa. Kila kipande cha kiwanja kina faida.

Basi, mtu akitaka kukikata, nani atasema hapana?

Tutazame Nairobi, katika inchi ya Kenya. Wanafunzi wa Lang'ata Road, masomo ya msingi ya Serkali, walirudi toka mapumziko, wakakuta ukuta umewafungia kiwanja cha kuchezea. Tarehe 19 Januari 2015 waliusukuma, wakisaidiwa na watetezi wao. Polisi waliwatupia moshi wa kutoa machozi. Hata hivyo ukuta ulianguka, na Serkali ikakiri kwamba kiwanja ni cha masomo.

Tunawasifu watoto wale, lakini tunaona haya: si kazi ya mtoto kutangulia mbele ya hatari. Komite ya wazazi ishike karatasi za kiwanja, itembelee mipaka hata wakati wa mapumziko, ipaze sauti kabla ya tofali la kwanza. Wazee walitujengea, sisi tulinde.