Kauli ya Mgonjwa Mahututi

Ukitoka mjini Tanga kwenda Raskazone unapita Bombo, penye hospitali iliyo juu ya bahari. Wangapi katika sisi tumesimama humo, tabibu akauliza kama mguu wa mzee ukatwe, nasi tukamjibia, na mzee mwenyewe macho wazi anatusikia!

Katika maradhi yaliyomfisha Mtume (S.A.W.), watu wa nyumbani walimtia dawa kinywani naye akiwaashiria wasimtie. Walidhani ni chuki ya mgonjwa kwa dawa tu. Alipozindukana aliwalaumu, akaamuru kila aliyekuwamo naye atiwe dawa ile, ila ammi yake Abbas, ambaye hakuwapo.

Na Sayyidna Umar (R.A.), alipochomwa jambia mwaka 23 H. (644 M.), alinyweshwa maziwa yakatokea jerahani. Mwili umekwisha, lakini akili timamu: aliacha shauri la Ukhalifa kwa watu sita, akamtuma mwanawe kwa Bibi Aisha kuomba ruhusa ya kuzikwa karibu na Mtume. Akaagiza aombwe tena baada ya kufa kwake, asije akawa amekubali kwa haya. Kauli zake zote zilifuatwa.

Hapa kwetu Tanga, Kadhi Sheikh Ali bin Hemed el-Buhriy aliandika kitabu cha mirathi, pamoja na wasia na hiba, kikafasiriwa kwa Kiingereza na Philip Mitchell, aliyekuja kuwa Gavana wa Kenya. Mambo haya wengi huyachanganya. Kuwekewa mpaka wa theluthi mgonjwa wa kufa ni kinga ya warithi. Si kusema kwamba hana akili. Na Imam Nawawi (aliyefariki 676 H.) ameeleza katika Minhaji kuwa ikitiliwa shaka kama maradhi ni ya kuhofiwa, haithibiti ila kwa matabibu wawili waadilifu. Basi hata hilo hawakuachiwa jamaa!

Matabibu wa leo nao huanza kwa kumhesabu mtu mzima kuwa ana akili mpaka ionekane vingine. Humwuliza: umefahamu maradhi yako? Ukikatwa itakuwaje, na usipokatwa? Tueleze kwa maneno yako. Mwenye mpira kooni huulizwa kwa kubana mkono. Na akikataa kwa sababu anayoieleza sawasawa, kukataa kwake si wazimu, hata kukituuma sisi wanawe. Homa ikimpayisha usiku, na jambo likiweza kungoja, arudiwe asubuhi, aulizwe yeye.