Askari wa Parokia Yetu Aliyeliliwa Kabla ya Wakati

Tulipokuwa tukitayarisha kitabu hiki cha jubilei tulipewa kazi ya kukusanya majina ya marehemu watakaotajwa katika Misa ya kuwaombea. Jamaa moja ya hapa Bunia ilituletea jina la kaka mkubwa wa babu yao, na pembeni wakaandika kwamba alikufa katika vita vya Saio mwaka 1941. Jina hilo hatulitaji hapa, kwa kuwa wenyewe waliomba hivyo. Sisi tulitaka kuhakikisha mwaka tu. Kazi tuliyoidhania ya siku mbili ilitushika zaidi ya mwaka mzima.

Vijana wetu wengi hawajui kwamba askari wa Kongo walipigana huko Uhabeshi. Ubelgiji ilikuwa imeshindwa na Wajerumani mwezi wa Mei 1940, lakini Kongo ilibaki upande wa Waingereza, na Waitaliano walikuwa wameshika Uhabeshi. Mwanzo wa 1941 askari wa Force Publique walipita Aba, wakafika Juba, wakashuka kwa mashua za Nile mpaka Malakal, na toka huko wakaingia nchi ya adui. Asosa ilitwaliwa tarehe 11 Machi, Gambela tarehe 23 Machi. Halafu mvua ikawakamata. Kwa miezi walikaa chini ya milima ya Saio wakisumbuliwa na njaa, kuhara na beriberi, hata tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera alipojitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert. Majenerali tisa wa Italia walitekwa siku hiyo. Msafiri anayepita Faradje anaweza kuona ukumbusho wa vita hivyo, uliojengwa mwaka 1943 kwa umbo la piramidi.

Je, kijana wa Ituri alifikaje huko? Si wote waliojitolea kwa hiari. Kila teritwari ilipangiwa hesabu ya vijana kila mwaka, na mashefu walitakiwa kuwatoa. Shefu hakumtoa mtoto wake. Alitoa yatima, au mgeni asiye na wajomba wa kumsemea, au yule mbishi aliyemchosha barazani. Utumishi ulikuwa wa miaka saba. Ndugu yetu huyu alikuwa yatima wa baba, na tunaamini hiyo ndiyo sababu, ingawa hakuna karatasi inayosema hivyo.

Tulianza na magazeti, tukitumaini kuona jina lake. Mapadri rafiki zetu walitusaidia kupata kurasa za L'Essor du Congo, lililochapwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Habari za ushindi zimo, tena kwa maneno makubwa. Maofisa wametajwa kila mmoja kwa jina na cheo chake. Askari weusi walitajwa kwa jumla tu, kama vile mtu anavyotaja mvua. Gazeti la askari wenyewe, Nsango ya Bisu, liliandikwa kwa Lingala, lugha ya jeshi, na tulilisoma kwa furaha zaidi. Lakini kijana wetu hakuwamo.

Msaada ulitoka mahali tusipopategemea. Mama yake alikuwa ameacha sanduku dogo la bati, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya fedha alizomtumia toka kambini, iliyokunjwa mara nne. Juu yake pana namba ya askari. Wasomaji watakaotafuta wazee wao washike neno hili: jina linadanganya, namba haidanganyi. Karani aliandika alichosikia. Kijana mmoja aliandikwa kwa jina la kijiji chake, mwingine kwa jina la shefu aliyemtoa, na ndugu wawili wa tumbo moja wakawa na majina yasiyofanana kabisa.

Padri mmoja aliyekuwa masomoni Ubelgiji alikubali kuipeleka namba hiyo Bruxelles, kwenye hifadhi ya karatasi za Kongo ya zamani. Alingoja sana. Jibu alilotuletea lilitunyamazisha. Kijana aliandikwa jeshini 1938. Baba amekwisha kufa. Kijiji na shefu, sawasawa na walivyosema jamaa. 1941, mgonjwa, Gambela. Na chini kabisa: aliachiliwa 1945, muda umetimia.

Basi hakufa Saio. Mwenzake aliyerudi kijijini alikuwa amesema kweli yote aliyoijua: alimwacha amelala katika nyumba ya wagonjwa Gambela, miguu imevimba, hawezi kusimama. Kijiji kikasikia kifo, matanga yakawekwa.

Tulifungua tena kitabu cha ubatizo cha 1935. Wakati ule Bunia ilikuwa katika Vikariati ya Ziwa Albert. Ilifanywa Diosezi mwaka 1959. Jina lake limo, na jina la msimamizi, baada ya miaka minne ya ukatekumeni kama Mapadri Weupe walivyodai. Pembeni, kwa wino mwingine, pana mstari mmoja ambao hakuna aliyeujali: amefunga ndoa, Stanleyville, 1947. Sheria ya Kanisa inataka habari ya ndoa irudishwe mahali pa ubatizo, na padri aliyeipokea aliiandika kwa uaminifu. Hatuwezi kumlaumu kama hakupanda baiskeli kwenda kumwambia mama.

Mama alifariki akiamini mtoto wake amelala Uhabeshi. Kwa nini hakurudi, au hakuandika barua hata moja? Wazee wa jamaa walikaa jioni nzima juu ya swali hilo. Mmoja alisema kwamba aliyetolewa na shefu wake hawezi kupenda kurudi kwa shefu yule yule. Mwingine alikasirika, akaondoka kabla ya chai.

Jamaa nyingine zilituuliza juu ya wapagazi wa vita vya kwanza, waliobeba mizigo mpaka Tabora ilipotwaliwa tarehe 19 Septemba 1916. Kwa hao hatukupata namba wala mstari wa pembeni. Na vita vya Ituri vya 1999 mpaka 2003 vilitawanya watu pamoja na masanduku yao ya bati.

Jina la ndugu yetu litasomwa katika Misa, ila maneno juu ya Saio tumeyafuta. Tumeandika Kisangani kuuliza kama ana watoto au wajukuu huko, na jamaa wametoa nauli ya watu wawili. Jibu halijafika siku tunayopeleka karatasi hizi kwa mchapaji.