Mlinzi Aliyekwenda Mahakamani

Tarehe 17 Septemba 1920, wanaume kadhaa walikutana katika duka la magari la Ralph Hay mjini Canton, jimbo la Ohio. Viti havikuwatosha, ikabidi baadhi yao wakae kwenye vikanyagio vya magari yaliyokuwa yakiuzwa humo. Shirikisho waliloliunda jioni ile ndilo ambalo miaka miwili baadaye lilipewa jina la NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na leo ndilo lenye fedha nyingi kuliko ligi nyingine yoyote ya michezo duniani. Alan Page alizaliwa katika mji huohuo wa viwanda vya chuma tarehe 7 Agosti 1945. Alipokuwa kijana wa shule alipata kibarua katika ujenzi wa jumba la makumbusho la magwiji wa mchezo huo, lililofunguliwa mwaka 1963. Hakuwa na ndoto ya kuingizwa humo. Alichotaka ni kuwa wakili, na mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba chanzo chake kilikuwa Perry Mason, yule wakili wa hadithi na televisheni ambaye ilikuwa nadra ashindwe kesi, na uamuzi wa mahakama wa mwaka 1954 uliokataza kuwatenga watoto weusi na weupe shuleni.

Mtoto mweusi wa Ohio wa miaka ile alikuwa na watu wa kuwatazama. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1945 hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyecheza NFL. Wenye timu walikana kuwa na makubaliano ya namna hiyo, lakini matokeo yalionekana uwanjani kila Jumapili. Ukuta ulianza kubomoka mwaka 1946. Los Angeles Rams waliwasajili Kenny Washington na Woody Strode, na Cleveland Browns, waliokuwa katika ligi pinzani, wakawachukua Bill Willis na Marion Motley. Motley alikulia Canton. Willis alitoka Columbus, mji mkuu wa jimbo hilohilo, na kazi yake ilikuwa kupenya katikati ya safu ya wapinzani kwa wepesi uliowafanya walalamike kwamba anawahi kabla mpira haujaanzishwa. Namtaja Willis kwa makusudi. Ukitafuta babu wa uchezaji wa Page, usiende mbali zaidi ya hapo.

Hata hivyo, katika enzi ya Willis mchezaji wa ulinzi pekee alikuwa bado kitu kigeni. Kwa muda mrefu kanuni zilibana sana ubadilishaji wa wachezaji, hivyo watu kumi na mmoja walewale walishambulia na kulinda mpaka mwisho. Mwaka 1950 NFL iliruhusu moja kwa moja kubadilisha wachezaji bila kikomo, na hapo ndipo kazi ya ulinzi ikawa taaluma ya kujitegemea, yenye makocha wake na mishahara yake (midogo). Matunda yalionekana mapema. Mwaka 1952 Dick Lane, aliyeingia Rams bila hata kuteuliwa na timu yoyote, alinasa pasi 14 za wapinzani katika msimu wa mechi 12. Misimu imerefushwa mara tatu tangu wakati huo na rekodi ile haijavunjwa. Na taaluma hiyo haiazimwi kirahisi. Wasomaji wa Kenya huenda wanamkumbuka Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga na kuingia uwanjani na Indianapolis Colts mwezi Desemba 2013 akiwa amesajiliwa kama mlinzi wa safu ya pili. Nguvu alikuwa nazo, mbio alikuwa nazo, lakini nafasi ya kudumu hakuipata.

Neno mlinzi lisimpotoshe aliyezoea soka. Page hakukaa nyuma kulinda lango. Alisimama katikati ya safu ya mbele, ana kwa ana na majitu yaliyowekwa pale kumzuia, na mpira ulipoanzishwa alikuwa na sekunde mbili au tatu za kuyapita na kumfikia kwotabeki, yaani mgawaji wa mpira, kabla hajarusha pasi. Wengi wa wenye nafasi hiyo walitegemea uzito. Yeye alikuwa na urefu wa mita 1.93 na kilo 111 hivi, si mkubwa kwa vipimo vya kazi ile, lakini aliondoka upesi kuliko mtu aliyepangwa kumzuia, na mzuiaji alipoinua mikono mlengwa alikuwa ameshampita.

Minnesota Vikings walimteua mwaka 1967, akiwa wa 15 katika orodha ya chipukizi, baada ya kuhitimu shahada ya sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Mwaka uleule timu ilimpata kocha Bud Grant, mtu mkimya aliyekataza vipasha joto kando ya uwanja hata katika majira ya baridi ya Minnesota. Katika safu moja na Page walikuwamo Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen. Msimu wa 1969 timu yao iliruhusu pointi 133 tu katika mechi 14, chini ya kumi kwa mechi, kiwango ambacho timu nyingi za leo zingekipigia magoti.

Halafu ukaja mwaka 1971. Kuna mechi ya Desemba dhidi ya Detroit Lions ambayo mashabiki wazee bado wanaizungumzia: waamuzi walimwadhibu Page mara mbili mfululizo, akakasirika, na kuanzia hapo Detroit hawakuweza tena kuupeleka mpira mahali popote kwa amani. Mwisho wa msimu shirika la habari la AP lilimpa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Hakuna mlinzi aliyewahi kuipata kabla yake, na baada yake amepata mmoja tu, Lawrence Taylor wa New York Giants, mwaka 1986. Tuzo hiyo kwa kawaida ni ya makwotabeki, na mara mojamoja wakimbiaji.

Kupendelewa kwa washambuliaji kuna sababu moja ya kikarani. Kazi ya mshambuliaji huacha namba: yadi, pasi, pointi. Kazi ya mlinzi ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo lisilotokea halina safu katika kitabu cha takwimu. Hata kumwangusha kwotabeki akiwa bado na mpira, tendo ambalo Deacon Jones wa Rams alilipa jina na kulitangaza kila mahali, NFL haikulihesabu rasmi mpaka mwaka 1982. Page alistaafu mwishoni mwa msimu wa 1981. Kwa hiyo katika vitabu rasmi vya ligi mmoja wa wavamizi wakali zaidi waliowahi kuishi ana sifuri. Watafiti waliorudia kumbukumbu za mechi moja moja wamempa 148.5, na ndiyo namba inayotumika sasa na kila anayetaka kusema ukweli.

Kuhusu Super Bowl sina mengi, na mashabiki wa Minnesota watanishukuru. Vikings walifika fainali nne, za Januari 1970, 1974, 1975 na 1977, wakashindwa na Kansas City, Miami, Pittsburgh na Oakland kwa mfuatano huo.

Wakati hayo yakiendelea, Page alikuwa na mechi nyingine. Kuanzia mwaka 1970 aliwawakilisha wenzake katika chama cha wachezaji, na baadaye akaingia katika kamati yake ya utendaji. Kilichowakera kilikuwa kanuni iliyobeba jina la kamishna wa ligi, Pete Rozelle. Mchezaji aliyemaliza mkataba alikuwa huru kwenda timu nyingine, kwa maneno. Kwa vitendo, timu iliyomchukua ililazimika kuifidia ile ya zamani, na zikishindwa kuelewana kamishna mwenyewe ndiye aliyeamua fidia iwe nini: mchezaji, wachezaji au haki za kuteua chipukizi. Nani atamsajili mtu bila kujua bei yake? Mwaka 1974 wachezaji waligoma na wakarudi kambini mikono mitupu. Kilichofanikiwa ni kesi. John Mackey, aliyekuwa rais wa chama, pamoja na wenzake, Page akiwa mmoja wa waliotajwa kama walalamikaji, waliifikisha NFL mbele ya mahakama ya shirikisho huko Minnesota, na mwezi Desemba 1975 Jaji Earl Larson akaamua kwamba kanuni ya Rozelle inavunja sheria za ushindani wa biashara. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kanuni hiyo ni haramu.

Ushindi ule haukuzaa uhuru papo hapo. Chama kiliuza sehemu yake katika mkataba wa mwaka 1977, na soko huria la kweli lilifika mwaka 1993 tu, baada ya kesi nyingine zilizosikilizwa pia Minneapolis. Mojawapo ilibeba jina la Reggie White, mlinzi wa pembeni, ambaye mwaka huo alihamia Green Bay kwa mkataba wa dola milioni 17 kwa miaka minne. Sidhani ni bahati tu kwamba walinzi wanajitokeza katika kesi hizi. Mtu ambaye kazi yake haihesabiwi vizuri ana sababu zaidi ya kuuliza bei yake inapangwa na nani.

Page aliwahi kujaribu shule ya sheria mapema katika maisha yake ya uchezaji akaiacha baada ya wiki chache tu. Alirudi darasani katikati ya miaka ya 1970, safari hii Chuo Kikuu cha Minnesota, akahitimu mwaka 1978 huku bado analipwa kuangusha watu siku za Jumapili. Wakati huohuo alianza kukimbia. Mkewe Diane ndiye aliyetangulia, akitaka kuacha sigara, naye akamfuata hadi ikawa ada ya kila siku. Mwaka 1979 alikuwa mchezaji wa kwanza wa NFL kumaliza marathoni akiwa bado anacheza. Mwili ulipungua mpaka kilo 100 hivi.

Kwa Vikings hilo lilikuwa kosa. Mwezi Oktoba 1978 walimwacha, wakisema hawezi tena kuimudu kazi, na Chicago Bears wakamchukua kwa ada ya dola 100. Iwapo uzito ndio uliokuwa sababu yote, au pia mdomo wake katika mambo ya chama, kila mtu Minnesota ana jibu lake. Mimi natazama yaliyofuata: katika misimu mitatu na nusu huko Chicago, akiwa mwembamba vilevile, aliwaangusha makwotabeki mara 40. Hakukosa mechi. Kuanzia mwanzo wa kazi mpaka mwisho alicheza mechi 218 za msimu mfululizo, na katika hizo na za mchujo akazuia mateke 28 ya wapinzani. Majeraha aliyapata, ila hayakumweka nje. Kidole chake kidogo cha mkono kiliumia mpaka kikabaki kimepinda pembeni kama bawaba, na miaka mingi baadaye yeye na bintiye Kamie walikiandikia kitabu cha watoto.

Mwaka 1988 jumba lililojengwa kwa jasho lake la ujana lilimwingiza miongoni mwa magwiji. Desturi ni mteule kutambulishwa na kocha au mchezaji mwenzake. Page alimwita Willarene Beasley, mkuu wa shule ya sekondari ya Minneapolis, kisha hotuba yake karibu yote ikawa juu ya elimu ya watoto weusi na namna wanamichezo wanavyopitishwa madarasani bila kujua kusoma. Mwaka huohuo yeye na Diane walianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana vyuoni, wenye sharti: anayepokea fedha lazima ajitolee saa 50 kwa mwaka kuwasaidia watoto wadogo katika masomo.

Ujaji ulipatikana kwa kesi pia. Mwaka 1992, akiwa mwanasheria katika ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, alitaka kugombea kiti cha Mahakama ya Juu ya Minnesota ambacho muda wake ulikuwa unaisha. Gavana Arne Carlson akamwongezea jaji aliyekuwapo muda, na uchaguzi wa kiti hicho ukafutika. Page alishtaki. Kwa kuwa majaji wa mahakama hiyo hawangeweza kuamua jambo linalowagusa wenyewe, liliundwa jopo mbadala, likampa haki. Alishinda uchaguzi, akaapishwa Januari 1993, mtu mweusi wa kwanza katika mahakama hiyo, na wapiga kura wakamrudisha mara tatu. Aliondoka mwezi Agosti 2015 kwa sababu sheria ya jimbo humstaafisha jaji akitimiza miaka 70.

Miezi michache baadaye, Novemba 2015, alifariki Fred McNeill akiwa na miaka 63. McNeill alicheza ulinzi Vikings kuanzia 1974, akiwa nyuma ya Page katika safu ya pili. Yeye naye alisoma sheria huku akicheza, akahitimu, akafanya kazi ya uwakili. Kisha kumbukumbu zikaanza kumtoka, kazi zikamponyoka, na baada ya kifo uchunguzi wa ubongo ulithibitisha maradhi yatokanayo na kugongwa kichwa mara kwa mara, yaleyale ambayo Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, aliyaeleza mwaka 2005 baada ya kuuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa NFL. Timu moja, zamu zilezile, shahada ileile. Anayetaka kuyasoma maisha ya Page kama ushahidi kwamba bidii hutosha ayasome pamoja na ya McNeill.

Mwaka 2017 shule moja ya Minneapolis iliyokuwa na jina la Alexander Ramsey, gavana wa karne ya 19 aliyetaka Wadakota waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo, ilipewa jina la Page baada ya wanafunzi kudai mabadiliko. Mwaka 2018 alipata Nishani ya Uhuru ya Rais, wiki chache baada ya Diane kufariki. Na Januari 2020, pamoja na Neel Kashkari wa tawi la Benki Kuu la Minneapolis, alipendekeza katiba ya jimbo ibadilishwe ili elimu bora iwe haki ya kila mtoto, haki ambayo mzazi anaweza kuidai mahakamani. Pendekezo lilikwama katika bunge la jimbo. Miongoni mwa waliolipinga kwa nguvu zaidi ni chama cha walimu wa Minnesota, na hapo yule mwakilishi wa zamani wa chama cha wachezaji akajikuta amekaa upande wa pili wa meza.